Maswali ya Wasomaji: Tovuti Inapogoma Baada ya Kusasisha Programu-jalizi

Barua nyingi za safari hii zinahusu tovuti zilizokuwa zikifanya kazi vizuri hadi programu-jalizi (plugins, yaani vipande vya programu vinavyoiongezea tovuti kazi) moja au kadhaa ziliposasishwa. Karibu waandishi wote wanatumia WordPress, mfumo wa kujengea na kuendesha tovuti, kwa hiyo majibu yanafuata mfumo huo. Anayetumia mifumo mingine kama Drupal au Joomla ataona majina ya vitufe yakibadilika, lakini namna ya kumtafuta mkosaji ni ileile.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia tovuti ya chama cha kitaaluma. Jioni moja nilikuta programu-jalizi tisa zinasubiri kusasishwa, nikazichagua zote na kubofya mara moja. Ghafla ukurasa wa mbele ukaonyesha ujumbe kwamba tovuti imepata hitilafu kubwa, na dashibodi nayo haifunguki. Mimi si mwandishi wa msimbo. Nitaingiaje ndani, na nitajuaje ni ipi kati ya hizo tisa iliyoleta balaa?
Msimamizi wa tovuti ya chama

JIBU: Ndugu msimamizi, kabla hujagusa faili yoyote, fungua sanduku la barua pepe. Tangu toleo la 5.2, lililotoka Mei 2019, WordPress ikikutana na hitilafu ya PHP (lugha ya programu inayoiendesha) inayosimamisha kazi hutuma barua kwa anwani ya msimamizi, ikitaja programu-jalizi au mandhari (theme, yaani muundo wa mwonekano wa tovuti) ambamo hitilafu imetokea, pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Ndani ya barua hiyo mna kiungo maalumu cha kuingilia katika hali ya uokoaji, ambamo programu-jalizi iliyotajwa husimamishwa kwako wewe peke yako ili uweze kuingia na kuizima rasmi, huku wageni wakiendelea kuona ujumbe wa hitilafu mpaka utakapomaliza. Kiungo hicho kwa kawaida hudumu siku moja tu. Kumbuka pia kwamba barua huenda kwa anwani iliyoandikwa kwenye mipangilio ya jumla, na katika tovuti nyingi za vyama anwani hiyo ni ya fundi aliyeijenga tovuti, ambaye huenda aliondoka zamani. Mtafute, au omba ruhusa ya kuangalia sanduku hilo.

Kama barua haikufika, njia ya pili ni kuingia kwenye faili zenyewe, ama kwa SFTP (njia salama ya kuhamisha faili kwenda na kutoka kwenye seva) ama kwa kidhibiti cha faili kinachotolewa na kampuni inayokukodisha seva. Nenda kwenye folda ya wp-content, kisha plugins, ambamo kila programu-jalizi ina folda yake. Ukibadilisha jina la folda moja, kwa mfano kwa kuongeza neno mwishoni, WordPress haitaiona faili yake na itaendelea bila hiyo. Mipangilio ya programu-jalizi haipotei, kwa sababu kwa kawaida huhifadhiwa kwenye hifadhidata na si ndani ya folda hiyo. Ukishaingia kwenye dashibodi na kufungua orodha ya programu-jalizi, mfumo utaandika kwamba ile isiyoonekana imezimwa. Baada ya kurudisha jina la awali utalazimika kuiwasha tena kwa mkono. Kama hujui kabisa uanzie wapi, badilisha jina la folda nzima ya plugins, ingia, fungua orodha hiyo, kisha rudisha jina lake: zote zitakuwa zimezimwa na utaweza kuziwasha moja baada ya nyingine.

Ningependa, hata hivyo, usizime chochote kabla ya kunakili ujumbe wa hitilafu, maana ukishazima ushahidi unatoweka na utabaki kukisia. Katika faili ya wp-config.php, weka WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG ziwe true, na WP_DEBUG_DISPLAY iwe false. Ya kwanza inawasha uchunguzi, ya pili inaandika hitilafu kwenye faili iitwayo debug.log ndani ya wp-content, na ya tatu inazuia maandishi hayo yasimwagike mbele ya wageni. Fungua tovuti mara moja, soma faili, ichukue, halafu uizime hali hiyo na kuifuta debug.log, kwa kuwa katika seva nyingi mtu yeyote anayejua anwani yake anaweza kuisoma.

Sasa, kusoma ujumbe wenyewe kunahitaji tahadhari ambayo hata mafundi wengi huikosa. Faili inayotajwa ni mahali kazi ilipokwamia. Si lazima iwe ndiyo yenye kosa. Chukulia programu-jalizi ya matukio inaita fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi maalumu) iliyomo katika programu-jalizi ya uanachama, na toleo jipya la uanachama limeiondoa fanksheni hiyo. Hitilafu itaandikwa kwa jina la matukio, ambayo haijabadilika hata herufi, na mwenye tovuti ataizima na kuilaumu bure. Hali ngumu zaidi ni pale programu-jalizi mbili zinapobeba maktaba ileile ya msimbo katika matoleo tofauti. PHP haikubali klasi (mafungu ya msimbo) mbili zenye jina moja, kwa hiyo maktaba iliyopakiwa kwanza ndiyo inayotumiwa na zote mbili. Ile iliyoandikwa kwa ajili ya toleo jipya itatafuta kitu ambacho toleo la zamani halina, na itaanguka. Kila moja ikijaribiwa peke yake ni nzima kabisa. Waandishi waangalifu huziwekea maktaba zao majina ya pekee ili kuepuka mgongano huu, lakini si wote wanaofanya hivyo.

Kuna pia mhusika wa tatu ambaye hukumbukwa mwishoni, nayo ni PHP ya seva. Toleo la 8.0 la Novemba 2020 liliondoa fanksheni kama create_function na each, ambazo programu-jalizi za zamani zilizitegemea. Kwa upande wa pili, toleo jipya la programu-jalizi linaweza kuandikwa kwa sarufi ambayo PHP ya zamani haiielewi. Programu-jalizi zilizomo katika hazina rasmi ya WordPress hutaja kiwango cha chini cha PHP zinachohitaji, na mfumo hukataa kuzisasisha seva ikiwa chini ya kiwango hicho. Zile zinazonunuliwa kwingine huja na mitambo yao ya kujisasisha, na hapo ulinzi huo si wa kutegemewa.

Kuhusu zile tisa, usizijaribu moja moja. Zima zote, kisha washa nusu. Hitilafu ikirudi, imo katika nusu hiyo, isiporudi, imo katika nusu iliyobaki, igawe tena. Kwa tisa utahitaji majaribio yasiyozidi manne. Njia hii, lakini, inachukulia kwamba mkosaji ni mmoja. Nusu zote mbili zikionekana safi kila moja kivyake, jua kwamba tatizo ni la wawili wanaogombana: washa zote, thibitisha kwamba hitilafu ipo, kisha zima moja moja mpaka upate ile ambayo kuzimwa kwake kunaondoa hitilafu, iwashe tena, uzime nyingine zote, na uzirudishe kwa mafungu mpaka mwenzake ajitokeze. Usisahau mandhari. Badilisha kwa muda utumie mojawapo ya mandhari za WordPress yenyewe, kama Twenty Twenty-Four, uone kama tatizo linabaki. Dashibodi ikishafunguka, programu-jalizi iitwayo Health Check & Troubleshooting itakusaidia, kwa sababu ina hali ya uchunguzi inayozizima nyingine na kubadilisha mandhari kwa macho yako tu, wageni wakiendelea kuiona tovuti kama kawaida.

SWALI: Baada ya kusasisha programu-jalizi ya fomu, baadhi ya wageni wananiandikia kwamba wakibofya kitufe cha kutuma hakuna kinachotokea. Kwangu mimi kila kitu kinafanya kazi, na hakuna barua yoyote ya hitilafu iliyokuja. Je, tatizo liko kwenye kompyuta zao?
Mwenye tovuti ya mafunzo

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usiwarudishie wageni mzigo huo. Kwamba kwako inafanya kazi ni dalili yenyewe. Programu-jalizi nyingi za kache huwatolea wageni ukurasa uliohifadhiwa tayari, lakini aliyeingia kama msimamizi hutengenezewa ukurasa mpya kila mara. Wewe na wageni wako hamuoni kitu kimoja. Toka kwenye akaunti yako, fungua dirisha la faragha la kivinjari, na ujaribu fomu kama mgeni. Mara nyingi kitufe kitakugomea na wewe.

Ukurasa uliohifadhiwa kabla ya kusasisha una mpangilio wa zamani wa fomu, ilhali faili ya JavaScript (msimbo unaoendeshwa na kivinjari) iliyoko kwenye seva ni mpya, na viwili hivyo havielewani. Safisha kache kwa kufuata ngazi zote: ya programu-jalizi, ya seva, ya mtandao wa usambazaji (CDN, yaani seva za sehemu mbalimbali zinazotoa nakala za tovuti yako) kama unautumia, na mwisho ya kivinjari. WordPress huongeza namba ya toleo mwishoni mwa anwani za faili hizi ili vivinjari vijue kwamba faili imebadilika, lakini baadhi ya programu-jalizi za kuongeza kasi huiondoa namba hiyo au huziunganisha faili zote kuwa moja, na hapo msaada huo unapotea. Jambo jingine ambalo halihusiani na kusasisha ingawa hujitokeza wakati huohuo: fomu nyingi hubeba tokeni ya usalama ambayo WordPress huihesabu kuwa halali kwa kati ya saa 12 na 24. Ukurasa ukikaa kwenye kache kwa siku tatu, tokeni yake imekwisha muda, na seva itaikataa fomu hata kama msimbo wote ni sahihi. Punguza muda wa kache kwa kurasa zenye fomu, au uziondoe kabisa kwenye kache.

Ikiwa kusafisha hakukusaidia, fungua konsoli ya kivinjari, ambayo katika kompyuta nyingi hupatikana kwa kubonyeza F12, kisha bofya kitufe cha fomu na usome mstari mwekundu utakaotokea. Hitilafu za JavaScript hutokea kwenye kivinjari cha mgeni, seva haina habari nazo, na ndiyo maana hukupata barua. Wenye tovuti walilijua hilo kwa uchungu Agosti 2020, toleo la 5.5 la WordPress lilipoacha kupakia jQuery Migrate, kipande kilichokuwa kikizisaidia programu-jalizi za zamani kuelewana na matoleo mapya ya jQuery, maktaba ya JavaScript. Kurasa zilifunguka bila hitilafu ya seva, lakini katika tovuti nyingi menyu, picha zinazosogea na vitufe vilikufa. Ilitolewa programu-jalizi ya kuziba pengo kwa muda, na Desemba mwaka huohuo toleo la 5.6 likahamia jQuery 3.5.1.

Mstari mwekundu ukisema kwamba kitu fulani hakijafafanuliwa, mara nyingi maana yake ni kwamba faili mbili zimepakiwa kwa mpangilio usiofaa. Zima kwa muda mipangilio ya kuunganisha na kuahirisha faili za JavaScript. Fomu ikiamka, washa mipangilio tena lakini utoe faili za fomu kwenye orodha ya zinazoahirishwa.

SWALI: Tovuti yangu imenasa kwenye ujumbe kwamba iko katika matengenezo ya muda mfupi, na muda mfupi huo hauishi. Nifanyeje?
Msomaji mwenye haraka

JIBU: Wakati wa kusasisha, WordPress huweka faili iitwayo .maintenance kwenye folda kuu ya tovuti na kuiondoa kazi ikiisha. Kazi ikikatizwa, faili hubaki. Ifute. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo washa kwanza mpangilio wa kuonyesha faili zilizofichwa. Mfumo wenyewe huacha kuijali faili hiyo baada ya dakika 10, kwa hiyo ujumbe ukiendelea kuonekana baada ya hapo bila faili kuwepo, unachokiona ni kache. Kisha isakinishe upya programu-jalizi iliyokatizwa, kwa sababu huenda nusu ya faili zake ni mpya na nusu ni za zamani.

SWALI: Nina duka la mtandaoni. Baada ya kusasisha programu-jalizi ya duka, ukurasa wa malipo uliharibika, nikairudisha kwenye toleo la awali kwa kutumia WP Rollback (programu-jalizi ya kurudisha matoleo ya zamani) na mauzo yakaendelea. Fundi wangu anashauri nibaki hapo na nisiguse tena. Je, yuko sahihi?
Mfanyabiashara

JIBU: Yuko sahihi kwa siku chache, na amekosea kwa miezi. Kurudi nyuma ni njia halali ya kuliokoa duka wateja wakiwa mlangoni, ila kuna mambo mawili ambayo ni lazima uyajue kabla ya kustarehe.

La kwanza ni hifadhidata. Kurudisha toleo la zamani kunarudisha faili tu. Ikiwa toleo jipya lilibadilisha majedwali ya hifadhidata lilipowashwa, mabadiliko hayo yamebaki pale pale, na sasa msimbo wa zamani unasoma na kuandika katika majedwali ambayo haukuandikiwa. Wakati mwingine hakuna madhara; wakati mwingine oda zinaandikwa nusu, na utagundua wakati wa kufunga hesabu. WooCommerce, programu-jalizi ya duka la mtandaoni, kwa mfano, ilihamisha uhifadhi wa oda kutoka kwenye majedwali ya makala hadi kwenye majedwali yake yenyewe, na tangu toleo la 8.2 la Oktoba 2023 huo ndio utaratibu wa kawaida kwa maduka mapya. Fundi asiyejua duka lako linatumia utaratibu upi asikurudishe nyuma kwa kubofya tu. Wala usikimbilie kurudisha nakala rudufu ya hifadhidata nzima, maana utafuta kila oda iliyoingia tangu nakala ilipochukuliwa. Kwa tovuti ya makala hasara hiyo ni maoni mawili matatu. Kwa duka ni fedha za watu.

La pili ni usalama. Toleo jipya linapoziba tundu, yeyote anaweza kulinganisha msimbo wa zamani na mpya na kuona tundu lilikuwa wapi, wakiwamo wanaotafuta maduka ambayo hayajasasishwa. Kwa hiyo soma maelezo ya mabadiliko ya kila toleo ulilolikwepa. Yakitaja usalama, usibaki nyuma: tafuta ufumbuzi siku hiyohiyo, hata kama ni kuzima kipengele fulani cha duka au kutumia ukurasa wa malipo wa kawaida usio na mapambo. Yasipoutaja, zima usasishaji wa kiotomatiki kwa programu-jalizi hiyo peke yake, jambo linalowezekana tangu toleo la 5.5, na utumie muda ulioupata kutafuta chanzo.

Tengeneza nakala ya majaribio ya duka lote, na kabla ya kufanya lolote ndani yake uweke malipo katika hali ya majaribio na kuzuia barua pepe zisitoke. Nakala ambayo haijafungwa hivyo inaweza kuwatumia wateja halisi taarifa za oda zao za zamani, au kuwatoza tena wale wenye malipo ya kujirudia. Sasisha humo, kisha ununue bidhaa kuanzia kikapu hadi risiti. Ningeanza kuishuku mandhari. Mandhari nyingi za duka hubeba nakala zao za violezo (faili za mpangilio wa kurasa) vya WooCommerce, na nakala hizo hubaki za zamani duka linaposonga mbele. Ukurasa wa hali ya mfumo ndani ya WooCommerce huvitaja kwa majina violezo vilivyopitwa na wakati. Ukikuta kiolezo cha malipo kimo katika orodha hiyo, basi programu-jalizi uliyoirudisha nyuma haina hatia, na anayetakiwa kufanya kazi ni mtengenezaji wa mandhari.

Wasomaji wengine wawili wameuliza kama kinga ya toleo la 6.6 la Julai 2024, ambayo hurudisha programu-jalizi kwenye toleo lake la awali ikileta hitilafu, haitoshi. Haitoshi kwa duka. Inafanya kazi kwa usasishaji wa kiotomatiki tu, na inaangalia hitilafu ya PHP inayoiangusha tovuti. Ukurasa wa malipo unaofunguka vizuri huku kitufe kimekufa utapita bila kuonekana.

SWALI: Kwenye maelezo ya programu-jalizi ninayoitaka imeandikwa kwamba haijajaribiwa na toleo langu la WordPress. Niiache?
Msomaji mpya

JIBU: Si lazima. Hilo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, aliloliandika katika faili yake ya maelezo; WordPress haijaijaribu wala kuikataa. Programu-jalizi ndogo inayofanya jambo moja inaweza kwenda mwaka mzima bila kuhitaji kubadilishwa, na mwenyewe akasahau kuongeza namba. Kinachonipa mashaka mimi ni malalamiko ya watumiaji yaliyokaa miezi bila kujibiwa, hata kama namba ya toleo ni ya jana. Lakini usichanganye tamko hilo na kiwango cha chini cha WordPress au PHP kinachohitajika, ambacho ni sharti na mfumo hukizingatia.

SWALI: Nimempata mkosaji na ninataka kumwandikia mtengenezaji. Nimeandika mara moja kwamba “haifanyi kazi”, sikujibiwa. Niandike nini?
Mwalimu wa kompyuta

JIBU: Mwalimu, anayesoma barua yako hawezi kuiona tovuti yako ilivyokuwa jana. Mwambie umetoka toleo gani kwenda lipi, kwa namba kamili. Umefanya hatua gani kwa mfuatano mpaka tatizo likatokea. Ulitarajia nini na ukapata nini. Bandika mstari mzima wa hitilafu kama ulivyo kwenye debug.log au konsoli, bila kuufupisha. Mweleze kwamba umejaribu kwa mandhari ya WordPress yenyewe na programu-jalizi nyingine zote zikiwa zimezimwa, na kama tatizo linatokea tu ikiwashwa pamoja na nyingine, itaje hiyo nyingine na toleo lake; bila maelezo haya atakujibu kwa kukuomba ufanye majaribio hayo kwanza. Katika sehemu ya Afya ya Tovuti, chini ya zana za dashibodi, mna kitufe cha kunakili taarifa zote za mfumo, yakiwamo matoleo ya PHP na ya hifadhidata. Zipitie kabla ya kuzibandika hadharani, uondoe usichotaka wageni wakione. Akisema anahitaji kuingia mwenyewe, usimpe akaunti yako wala kumfungulia tovuti halisi. Mfungulie akaunti ya muda kwenye nakala ya majaribio, umtumie nenosiri kwa njia ya faragha, na uifute akaunti hiyo akimaliza.